Chia zina mchanga! Nyie mnazisafisha vipi kabla hazijageuka ute?

mamake_watatu (Kisauni)

Asalam aleykum na hamjambo nyote. Jamani nahitaji msaada manake juzi nimeaibika mbele ya mavyaa wangu mpaka sai nikikumbuka najifunika leso usoni.

Iko hivi. Nilienda Marikiti kununua viungo vya pilau nikaona gunia la chia, zile mbegu ndogo za kuroweka, limefunguliwa, bei nzuri kuliko zile za pakti za supamaketi, nikasema wacha nichukue nusu kilo. Nikafika nyumbani nikachukua vijiko vikubwa vitatu, tui la nazi zito kikombe kimoja, hiliki, sukari kiasi, nikakoroga nikaeka ndani ya friji usiku kucha, asubuhi nikakatia embe ngowe juu yake. Ikatoka nzuri wallahi, hata mume wangu alisema leo umefanya mambo.

Mavyaa akaja mchana. Kijiko cha kwanza sawa. Cha pili, KRRR, mezani sote tulisikia. Akakitoa kijiwe mdomoni, akakieka pembeni ya sahani polepole, akaomba maji ya kunywa. Hakusema neno. Hilo la kunyamaza ndo lililonimaliza, bora angegomba.

Walipoondoka nikachukua zile zilobaki zote nikazitia kwa sufuria nikazikosha kama mchele. Msifanye hivyo!! Maji yaliingia lakini hayakutoka, mkono wangu ulijaa utelezi kama nimeshika mabenda ya kupikwa jana, na ule mchanga badala ya kutoka ukanata ndani kwa ndani. Nikasema basi nitazianika. Nikatandaza jamvi juu ya dari kwa jua la saa sita, jioni nikapanda nikakuta bapa moja gumu, mbegu zimeshikana na jamvi limeshikana nazo, ukilisimamisha linasimama kama mlango.

Sasa naulizeni, nyie mnazisafisha vipi? Ama niachane nazo nirudi kwa uji wangu wa wimbi.

kijana_wa_tudor

😂😂😂 linasimama kama mlango. Mie pole sina la kusaidia, mie hununua pakti tu. Lakini tafadhali eka picha ya hilo jamvi

mamake_watatu

Jamvi lishatupwa usiniongezee machungu

Bi_Uteo (Mji wa Kale)

Mwanangu, pole na mavyaa wako, atasahau. Chia haikoshwi. Kitu chochote cha utelezi husafishwa kikiwa kikavu kwanza, maji huja mwisho, na yakija yaje mengi na kwa haraka.

Mimi hufanya hivi. Kwanza zinapita chekeche ya unga ile ya matundu makubwa makubwa kidogo, mbegu zinashuka chini, juu yanabaki vijiti, majani makavu na mawe makubwa kuliko mbegu. Yale tupa. Halafu zile zilizoshuka natia kwa chujio la chai lile la waya laini sana, nalitikisatikisa juu ya gazeti. Hapa inakuwa kinyume, chia zinabaki juu na vumbi na mchanga mwembamba ndo unaoshuka. Ukiliangalia hilo gazeti baadaye utashangaa ulikuwa wala nini. Usitie nyingi pamoja, kijiko viwili vitatu kila mara, ukijaza chujio mchanga wa juu hauoni njia ya kushuka.

Kisha uteo. Wasichana wa sai hawajui kupeta lakini uteo ndio unaotoa makapi, yale maganda mepesi ya ua la chia ambayo chekeche haiyashiki kwa sababu yamelingana na mbegu. Peta polepole, chia ni nyepesi na ndogo, si kama kunde, ukirusha kwa nguvu zote zitakwenda kwa jirani. Na feni uizime. Nasema hivyo kwa sababu nilimwachia mjukuu wangu siku moja na feni ya dari iko namba tano, mpaka leo nikifagia chini ya kabati natoa chia.

mamake_watatu

Shukran sana bibi yangu. Sasa na vile vijiwe vilivyolingana sawasawa na mbegu? Manake kilichomuuma mavyaa kilikuwa kadogo hivyo hivyo, kwa chekeche kingeshuka nazo na kwa chujio kingebaki nazo.

Bi_Uteo

Hivyo ndivyo vya maji. Lakini naona kunakaribia magharibi, nitarudi.

gunia_na_mizani

Mie ni mfanyabiashara wa nafaka wala si huyo aliyekuuzia 😅 wacha niwaeleze huo mchanga unatokea wapi.

Mchia ni mmea mfupi, kimo cha mtu ama chini yake, unatoa mashuke ya maua na mbegu ziko ndani ya vikombe vidogo vya yale maua. Baada ya kama miezi 4 hivi mashuke yakikauka mkulima anayakata anayaanika halafu anayapura kwa fimbo. Sasa mwenye turubai safi mbegu zake zitatoka safi, mwenye kupuria juu ya udongo atakuuzia na udongo wake, na kwa vile mbegu yenyewe ni kama milimita 2 tu kwa urefu huwezi kuchambua kwa mkono kama unavyochambua maharagwe. Chia zinazolimwa hapa Kenya bara na Uganda ni nzuri sana, shida sio mbegu, shida ni nani alizipura wapi na kama zilipitishwa kwa mashine ya kusafisha ama la. Ndio maana bei ya gunia moja na la pili zinapishana na mteja anadhani mmoja ni mwizi.

Kabla hujanunua za gunia fanya haya: chota konzi moja, mimina juu ya karatasi nyeupe ama hata nyuma ya risiti, inamisha kidogo zitelezeshe. Chia ni laini zinateleza haraka, mchanga unabaki nyuma. Pili zitazame rangi. Nyeusi, kijivu zenye madoa kama mayai ya kware, na nyeupe, zote ni sawa usichague. Zikiwa nyingi ni za kahawia tupu hizo zilivunwa hazijakomaa, ladha yake ina uchungu kidogo na hazifuri vizuri. Tatu nusa. Chia nzuri haina harufu ya maana. Ikinuka kama rangi ya mlango ama mafuta yaliyokaa, wacha.

ami_wa_faluda

Samahanini lakini mbona mnahangaika, hizi si tukmaria tu zilizopewa jina la kizungu? Sisi tunatia kwa faluda tangu tuko wadogo.

gunia_na_mizani

Ami hapana, ingawa sikulaumu. Tukmaria ni mbegu za mrihani. Chia ni mmea mwengine asili yake Mexico na Guatemala huko, wenyeji wa zamani Waazteki walikuwa wakizila kabla Mzungu hajafika. Lakini ni ndugu kweli, zote mbili ziko kwa ukoo mmoja na nanaa.

Ukizieka mkononi utazijua. Tukmaria ni nyeusi ti, zote rangi moja, hazing'ai. Chia inang'aa na ina michoro. Na ukizitia majini tukmaria inafura ndani ya dakika chache tu, inavaa koti jeupe jeupe na katikati unaona kidoa cheusi, kila mbegu peke yake. Chia inachukua muda zaidi na inashikana na wenzake. Ndo maana kwa faluda na sharubati tukmaria haina mpinzani, na kwa kitu cha kuganda kama kile cha mamake_watatu chia ndo inafaa.

ami_wa_faluda

Haya nimekubali. Kumbe huyu wa mtaani kwetu ametuuzia chia kwa faluda miezi yote hii, ndo maana ilikuwa kama uji.

kijana_wa_tudor

Kuna siku mamangu alichukua habbasoda akairoweka akidhani ni chia, akangoja mpaka asubuhi ifure 😭

nesi_zamu_ya_usiku

Nimesoma uzi wote naona mnaongea mchanga tu, wacha nitie la kwangu kabla mtu hajajiumiza. Kuna watu nimewasikia wanasema basi kama kuroweka kuna kazi tutazila kavu, kijiko mdomoni, maji juu yake. HAPANA.

Chia inavuta maji mara 10 ya uzito wake ama zaidi. Ukiimeza kavu halafu ukanywa maji inafuria palepale ilipo, na kama ilipo ni kooni basi ni kooni. Mwaka 2014 madaktari Marekani walieleza kisa cha mwanamume wa miaka 39, alikula kijiko kikubwa cha chia kavu akashushia na gilasi ya maji, zikafura kwenye njia ya chakula zikaziba hata mate yake mwenyewe hayapiti, ikabidi waingize kamera kooni wazisukume kidogo kidogo hadi tumboni. Huyo alikuwa na historia ya kumeza kwa shida, lakini wewe unajuaje wazee wetu nyumbani nani ana shida hiyo na hajasema? Na watoto wadogo kabisa msiwape kavu.

La pili, mzoefu na asiyekuwa mzoefu hawaanzi sawa. Kijiko kimoja kikubwa kina kama gramu 4 za ile nyuzinyuzi. Mtu aliyekuwa anakula chapati na chai asubuhi mchana wali, ukimpa vijiko vitatu siku ya kwanza tumbo litajaa gesi na aje alaumu chia. Anzeni na kijiko cha chai, wiki moja hivi, mkizidisha zidisheni na maji. Wenye dawa za presha, za sukari ama za kufanya damu iwe nyepesi, waulizeni madaktari wenu kwanza kabla ya kuzifanya chakula cha kila siku.

La tatu MAJI. Unaloweka usiku kucha na hupiki, kwa hivyo maji yawe ya kunywa, yaliyochemshwa yakapoa. Sio ya kisima. Hapa kwetu kisima kina chumvi halafu hujui kimepakana na choo cha nani.

mamake_watatu

Nesi shukran, hilo la maji sikulifikiria kabisa. Mie jagi la mferejini hilo hilo.

Bi_Uteo

Nimerudi. Vijiwe vidogo. Mwanangu umewahi kumuona mtu akitoa mawe kwa mchele wa zamani ule? Anatia maji mengi kwa bakuli, anakorogesha mkono, mchele unapanda kuelea kidogo, anaumimina kwa bakuli jengine, anarudi tena na tena mpaka chini yanabaki mawe na punje chache. Basi ni hivyo hivyo. Jiwe ni zito linazama, chia ni nyepesi. Lakini mchele unakungojea, chia haikungojei. Uko na dakika moja, mbili, baada ya hapo inaanza kuvaa ute na ute ukishika jiwe umelipoteza. Wewe ulichokosea ni kuwa ulitia chia nyingi maji machache, ukakaa nazo.

mamake_watatu

Jamani nimejaribu leo na nimerudi na ripoti kamili!! Nilienda nikanunua robo nyengine, kwa gunia lile lile makusudi.

Kwanza chekeche ya unga, halafu chujio la chai la waya laini kama alivosema Bi. Kwenye gazeti ulishuka unga wa kahawia, ukiushika ni mchanga wa pwani kabisa huu. Uteo sina, nikatumia sinia nikawa napuliza na mdomo, imetoa makapi lakini nimepata kizunguzungu.

Halafu maji. Mara ya kwanza nimeharibu. Nilitia vijiko viwili vikubwa kwa jagi la lita moja, nikakoroga, simu ikalia, kumbe ni dadangu wa Mtwapa na huyo akianza hamalizi. Nimerudi baada ya robo saa nimekuta zishakuwa ute, nikamimina nikaangalia chini ya jagi hakuna kitu nikasema alhamdulillah ni safi. Nikapaka kijiko kimoja kwa sahani nyeupe nikaona vijiwe viwili vimekaa ndani ya ute vinaniangalia kama samaki kwa barafu.

Mara ya pili nikazima simu. Vijiko viwili, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, nikakoroga kwa nguvu huku nahesabu mpaka 60, nikaacha itulie nikahesabu 20, nikamimina ya juu taratibu kwa jagi jengine na ile ya chini kabisa kama nusu kikombe nikaibakisha. Hiyo ya chini nikaimimina kwa sahani nyeupe. Vijiwe 7!! Na mchanga wa kujaza ncha ya kijiko, na chia chache zilizobaki nazo, hizo nimezisamehe. Ile iliyo kwa jagi la pili nikarudia mara moja tena haraka haraka, kukabaki kijiwe 1. Sikurudia ya tatu manake ilikuwa ishaanza kuwa nzito.

kijana_wa_tudor

Swali la mjinga. Ukimimina mimina hivyo si ule ute ambao ndo wenye faida unaumwaga?

mamake_watatu

Sijamwaga chochote isipokuwa hiyo nusu kikombe ya chini. Jagi la pili ndo la kunywa, nimekamulia ndimu na asali kidogo nimemaliza. Ukitaka ya kula na tui ndo unapitisha kwa chujio lile lile la chai, maji yashuke, chia zibaki, uzitie kwa tui. Ila fanya haraka kabla hazijaziba matundu, na tui upunguze. Mie nilitia kikombe kizima kama mwanzo ikatoka majimaji kwa sababu mbegu zilikuwa zishakunywa maji yao. Vijiko vitatu vilivyopita majini, tui nusu kikombe lakini zito, la kwanza kabisa kabla hujaongeza maji kwa nazi.

Na lengine nimejifunza, ukishakoroga na tui usiziache. Dakika tano rudi ukoroge tena, dakika kumi tena. La sivyo zinaenda chini zinafanya madonge, nje ute na ndani kavu.

gunia_na_mizani

Hapo umemaliza. Nyongeza mbili tu. Kuna wanaosaga. Ni wazo zuri kwa sababu mbegu nzima isipotafunwa nyengine hupita tumboni zikatoka kama zilivyoingia, na yale mafuta yake ya omega 3 yamo ndani ya ganda. Lakini usisage kabla hujachekecha, ukisaga na mchanga umeshakula mchanga wa unga na kisu cha blenda umekiua. Kinu na mchi msihangaike, zinateleza.

Ya pili ni joto letu. Chia ni karibu thuluthi moja mafuta. Nzima ikiwa kwa chupa iliyofunga sawasawa, mahali pa giza na pakavu, inakaa miezi mingi. Iliyosagwa haina muda huo, saga ya wiki moja tu na iende friji. Mfuko wa nailoni uliofungwa fundo hapa Mombasa haufai kitu, unyevu unaingia na kabla ya mwezi zimeshaanza kushikana.

baba_wa_gym_Nyali

Mnasahau kuu, inapunguza mwili! Mie wateja wangu wote nawapa, vijiko vinne kabla ya kula

nesi_zamu_ya_usiku

Vijiko vinne? Baba, chia gramu 100 ni kalori karibu 486, ni chakula kile. Inashibisha kwa sababu ya nyuzinyuzi na maji, kwa hivyo pengine mtu atakula mahamri mawili badala ya matano, hapo ndo inasaidia. Lakini akila chia halafu akala mahamri matano yake kama kawaida ameongeza tu. Na hao wateja waambie wanywe maji.

baba_wa_gym_Nyali

Sawa mkuu nimesikia. Vijiko viwili.

ami_wa_faluda

Nimejaribu chia na juisi ya bungo, si mbaya. Na ukwaju hapana, ile ukali na ute havipatani, kama unakunywa mchuzi wa mabenda. Madafu ndo bingwa: kijiko kimoja kwa dafu moja, nusu saa kwa friji. Lakini faluda narudia tena ni tukmaria.

Bi_Uteo

Kwa uji pia hufaa, mwisho kabisa ukishaepua. Uji wa moto huzifurisha upesi kuliko maji baridi. Koroga usiondoke.

mamake_watatu

Jamani ya mwisho naleta habari. Mavyaa alikuja tena jana, sikumwambia kitu, nikamwekea kibakuli chake na embe juu. Akachukua kijiko akakipeleka mpaka chini kabisa akakoroga, akainua akaangalia, akakoroga tena. Mie nimesimama mlango wa jikoni roho iko kooni. Akala. Akala tena. Akamaliza akasema "hii ya leo umeitengeneza mwenyewe?" nikamwambia ndio mama. Akaingia jikoni akataka aoneshwe, nikamwonesha chekeche, chujio, majagi mawili, vijiwe nilivyoviweka kwa kisahani (nilikuwa nimeviweka makusudi, mnisamehe).

Ameondoka na chupa ya chia zangu zilizosafishwa NA chujio langu la waya laini. Sasa nauliza, nani ameona machujio kama hilo Biashara Street ama hapo karibu, yale yenye waya mwembamba kabisa wa chuma si yale ya plastiki? Nina nusu robo imebaki haijachekechwa.